Msiba wa Madam ulikuwa na nyama nyingi sana

Wadau, leo sina umbea wa staa. Wiki tatu zilizopita tumemzika madam wetu wa Literature huku Temeke, na kuna kitu kimenikaa kooni tangu siku ile. Jina lake silitaji, familia bado ina majonzi, ila kama ulipita darasani kwake umeshamjua: anaingia na kanga begani, anaanza kusoma kwa sauti kabla hata hatujamaliza kumwamkia.

Msiba ulijaa. Maturubai matatu, pilau la nyama, kreti za soda, mpiga video, fulana nyeupe zenye picha yake. Mchango wa yote hayo ulikamilika ndani ya siku moja na nusu.

Sasa rudi nyuma miezi minne. Grupu lile lile la WhatsApp, watu wale wale. Binti yake aliandika: figo za mama zimefeli, anasafishwa damu kila wiki, hela imeisha. Tulisoma zaidi ya sitini. Waliotoa ni tisa. Mmoja aliweka emoji ya kuomba dua, halafu dakika mbili baadaye akarusha klipu ya Simba na Yanga. Mimi nikasema ntatuma mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nikanunua raba. Lakini mchango wa fulana? Nilikuwa wa nne kutuma, na skrinishoti nikaweka.

Kinachoniuma ni kwamba huyu mama alishatufundisha hili hili, kidato cha tatu. Shairi linaitwa A Freedom Song, la Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka 1954, akaolewa na Mjaluo, akawa Mkenya kabisa mpaka alipofariki mwaka 2015. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwahi kuendesha duka la vitabu la Chuo Kikuu hapa hapa Dar, pale Mlimani. Madam hiyo ya Mlimani aliisema kila mwaka, utadhani wana undugu.

Shairi linamhusu Atieno, mtoto wa miaka minane anayefanya kazi za ndani kwa mjomba wake. Halipwi, si ndugu? Anaosha vyombo, analea watoto wa mwenye nyumba wanaosoma shule. Anakua, anapata mimba bado binti mdogo, anafia kwenye uzazi. Halafu kwenye msiba wake zinaliwa nyama na sukari nyingi kuliko alivyowahi kula yeye maisha yake yote.

Madam akafunga kitabu, akauliza, "Hiyo nyama mmeielewa?" Kimya. Jamaa mmoja wa nyuma akasema, "Madam, si ndo mila?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatupa kazi moja tu: nendeni nyumbani mkamuulize dada wa kazi, wa kwenu au wa jirani, jina lake kamili. Wa kwetu tulikuwa naye mwaka wa tatu, tunamwita Dada. Mtaani wengine walimwita beki tatu. Alikuwa anaitwa Veneranda, na aliponijibu alishangaa kuulizwa.

Najua mtasema msiba ni heshima, na watu wametoka mbali lazima wale. Sipingi, na rambirambi imeisaidia familia kweli. Ila tuambiane ukweli. Msiba una mwenyekiti, una mweka hazina, una orodha inarushwa kila jioni na ukikosekana unaonekana. Ugonjwa hauna kamati. Mgonjwa anaachiwa binti yake aombe peke yake, mara ya pili anaona aibu, mara ya tatu ananyamaza. Sisi sio wabahili, hela tunayo, msiba umeonyesha. Tunatoa pale tu tunapoonekana. Basi ile orodha ianze mtu akilazwa, na majina yarushwe vile vile.

Kwenye kapu la msiba imebaki laki nne na ushee. Kamati inataka mbuzi wa arobaini. Juzi nikaandika kwenye grupu kwamba ticha wetu wa Hesabu yupo Mbagala, mguu umevimba hatembei, tumpelekee nusu.

Tiki za bluu mpaka sasa ni arobaini na moja. Aliyejibu ni mmoja, ameuliza fulana zilizobaki ziko kwa nani.