Buruburu: Sanduku jipya la stima halitaokoa nyumba iliyogawanywa

NYUMBA za Buruburu, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, zilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila moja ilikusudiwa familia moja ya tabaka la kati, na mpango wa stima ulifuata dhana hiyo: taa, soketi chache, jiko, pasi na friji.

Anayepita leo katika Barabara ya Mumias South atakuta mambo mengine kabisa. Palipokuwa na bustani pana saluni na duka la dawa. Chumba cha mtumishi kilichokuwa nyuma kimeota ghorofa, na sebule imegawanywa ili kumpisha mpangaji. Familia nne au tano zinaishi juu ya waya uliotandazwa kwa ajili ya moja.

Ndipo wenye nyumba wanapomwita fundi, fyuzi zinapokatika kila jioni. Fundi huliondoa sanduku la zamani lenye fyuzi za waya, akaweka jipya lenye swichi za kujizima. Kazi hiyo humalizika kwa siku moja, mwenye nyumba akaamini kwamba tatizo limekwisha. Kwa hakika, mara nyingi hapo ndipo hatari huanza kujificha.

Ifahamike kwamba swichi hiyo hailindi runinga wala friji. Kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya uliomo ukutani usipate moto. Ikijizima mara kwa mara, inatoa taarifa kwamba waya umebebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Fundi anayeondoa swichi ya ampea 20 na kuweka ya 40 ili mpangaji asilalamike ameinyamazisha taarifa hiyo, na waya ni ule ule.

Hebu msomaji na ahesabu. Stima ya nyumbani nchini ni ya volti 240. Shawa ya kupasha maji papo hapo yenye wati 5,500 huvuta takriban ampea 23. Wapangaji wawili wakioga alfajiri kwa wakati mmoja, ni ampea 46, kabla ya birika la mtu yeyote kuchemka. Laini ya ampea 60 itakuwa imebakisha 14 tu kwa nyumba nzima pamoja na saluni iliyoko mbele.

Kuna jambo jingine ambalo ni nadra kutajwa. Kenya ilirithi mtindo wa Kiingereza wa kuunganisha soketi kwa mzunguko: waya hutoka kwenye sanduku, hupitia soketi zote, kisha hurudi kwenye sanduku lile lile. Kwa kuwa mzigo unagawanyika pande mbili, waya mwembamba wa milimita mraba 2.5 huweza kulindwa na fyuzi ya ampea 30. Sasa mwashi anapobomoa ukuta ili kufungua duka, huenda akaukata mzunguko huo mahali pamoja. Soketi zote zitaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hakuna atakayejua kwamba mzigo uliokuwa na njia mbili sasa unaweza kupita katika njia moja. Sanduku jipya haliwezi kuligundua kosa hilo; hugunduliwa kwa kupima.

Aidha, upo waya wa ardhini. Pasipo waya huo ulio mzima, shawa yenye kasoro inaweza kumuua anayeoga. Kipo kifaa cha kukata stima mara mkondo unapovuja kiasi cha miliampea 30, lakini Buruburu ilipokuwa ikijengwa hakikuwa cha kawaida majumbani. Iwapo kuna sababu moja ya kulibadilisha sanduku la zamani bila kusita, basi ni kifaa hiki.

Sheria haina utata. Kanuni za mwaka wa 2012 kuhusu kazi za uwekaji stima zinataka kazi hiyo ifanywe na mwenye leseni. Leseni hizo, ambazo leo hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), zina madaraja kuanzia C2 hadi A1, na kila daraja lina mipaka yake. Hata hivyo, wengi humpigia fundi ambaye nambari yake ya simu imebandikwa kwenye mlingoti wa stima, mlingoti ambao yeye mwenyewe haruhusiwi kuugusa.

Kampuni ya Kenya Power huwajibika hadi kwenye mita. Baada ya hapo, waya ni wa mwenye nyumba. Ndiye anayestahili kuomba laini kubwa zaidi iwapo mzigo umeongezeka, na ndiye anayestahili kulipia, maadamu anapokea kodi za vyumba vitano. Mpangaji hana mamlaka ya kupasua ukuta. Tena tayari anaumia kwingine: katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, nafuu ilitolewa kwa anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Wapangaji watano wanaochangia mita moja huhesabiwa kama mteja mmoja mkubwa, hata kama kila mmoja wao ana balbu mbili na redio.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa. Ni kweli, kupitisha waya mpya katika nyumba nzima si kazi ya fedha za mfukoni. Lakini nyumba nyingi za Buruburu zimeungana ukuta kwa ukuta, na moto hauulizi ni nani aliyekataa kulipa. Wakazi wa vikundi vya nyumba hizo tayari huchanga kwa ajili ya lango na bawabu. Wangeweza pia kumkodi mwanakandarasi mmoja mwenye leseni ya daraja linalofaa, apime nyumba zote na kuacha cheti cha vipimo katika kila moja. Vyumba vya nyuma navyo viingizwe kwenye orodha, kwa sababu huko ndiko waya wa nyongeza ulikopitishwa.