Kigeuzeni Kiti Kabla ya Kukiuza

Familia inapogawana urithi, kiti cha zamani huweza kutolewa kwa bei ya kuni. Tunawashauri mkigeuze kwanza. Viti vingi vya mtiki vilivyotengenezwa Denmark miaka ya 1950 na 1960 vina muhuri chini, mara nyingi wa karakana, si wa mbunifu. Lakini karakana huelekeza kwa mbunifu: Niels Vodder alitengeneza viti vya Finn Juhl, na Johannes Hansen vya Hans Wegner. Fundi asipige msasa hapo. Muhuri ukifutika, ushahidi umepotea. Sisi wa Dodoma tumezoea mninga. Basi fundi wetu naye aandike jina lake na mwaka chini ya kiti, wajukuu wasije wakabahatisha.