Lawama za Kumi na Mmoja kwa Beki Mmoja

Mimi ni mwalimu wa isimu, na wapenzi wa kandanda watanisamehe nikiingia uwanjani mwao kwa mlango wa sarufi. Kipo kitenzi ambacho vijana wetu wamekigeuza matumizi, nacho ni kuchoma. Kwa desturi hiki ni kitenzi elekezi: mtu huchoma nyama, au taka, au mahindi kando ya barabara. Lakini beki anapopoteza mpira na bao likaingia, kauli inayosikika ni moja tu: "Amechoma!" Shamirisho limetoweka. Hatuambiwi amechoma nini, wala nani aliuwasha moto. Anabaki mtendaji peke yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye dhuluma.

Nisije nikadhaniwa nabishana na upepo, nitamtaja mlinzi mmoja anayekumbukwa kwa dakika moja ya maisha yake. Jina lake ni Vratislav Greško, raia wa Slovakia, aliyezaliwa mwaka 1977 katika kijiji cha Tajov karibu na mji wa Banská Bystrica. Alianza na Dukla ya mji huo, akahamia Inter Bratislava, akavuka hadi Bayer Leverkusen ya Ujerumani, kisha mwaka 2000 akasajiliwa na Inter ya Milan. Baadaye alipitia Parma, Blackburn Rovers ya Uingereza, Nürnberg, na Leverkusen tena. Taifa lake lilimchezesha zaidi ya mara thelathini. Huyu hakuwa nyota. Wachezaji wa aina yake ni mafundi wa kibarua: huitwa paa linapovuja, na likisha kuzibwa hulipwa ujira wao wakaenda kwingine.

Tarehe 5 Mei 2002 ilikuwa siku ya mwisho ya ligi kuu ya Italia. Inter walikuwa kileleni kwa pointi 69, Juventus 68, Roma 67. Inter, ambao hawakuwa wametwaa ubingwa huo tangu 1989, walihitaji kuwashinda Lazio mjini Roma. La ajabu ni kwamba hata mashabiki wengi wa Lazio walitaka Inter washinde, ili mahasimu wao wa Roma wasije wakalinyakua taji. Ni nadra mgeni kupata makaribisho ya namna hiyo! Christian Vieri akatangulia kufunga, Karel Poborský akasawazisha, Luigi Di Biagio akairudisha Inter mbele. Kisha, mapumziko yakikaribia, Greško akajaribu kumrudishia kipa wake Francesco Toldo mpira kwa kichwa. Kichwa kilikuwa legevu. Poborský akauwahi, ikawa 2-2.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo. Poborský ni Mcheki. Yeye na Greško walizaliwa katika nchi moja, Chekoslovakia, iliyogawanyika Januari 1993, na Mcheki na Mslovakia huweza kuzungumza kila mmoja kwa lugha yake wakaelewana, karibu kama Mmvita na Muunguja. Katika uwanja ule wa Kirumi, pengine hakuna wawili waliokuwa majirani kuliko yule aliyekosea na yule aliyefaidi kosa.

Tuhesabu sasa. Bao lile lilikuwa la kusawazisha. Zilibaki dakika arobaini na tano, na Inter, wenye Vieri na Ronaldo mbele, walihitaji bao moja tu zaidi ya wenzao. Hawakulipata. Kipindi cha pili wakafungwa mengine mawili, la Diego Simeone, aliyewahi kuwa mchezaji wao, na la Simone Inzaghi. Ikawa 4-2. Juventus, waliokuwa wakiishinda Udinese 2-0, wakawa mabingwa kwa pointi 71. Roma nao waliipita Inter, iliyomaliza ya tatu. Na wiki mbili kabla ya hapo Inter walikuwa wametoka sare 2-2 na Chievo, timu iliyokuwa mara yake ya kwanza katika ligi kuu. Sare hiyo nani anayeitaja? Ronaldo alionekana akilia kwenye benchi, dunia ikamhurumia. Greško, kijana wa miaka 24, hakupata wa kumhurumia. Aliuzwa Parma majira yale yale ya kiangazi.

Sentensi "Greško aliinyima Inter ubingwa" ni sahihi kisarufi. Ina kiima, ina kitenzi, ina shamirisho mbili. Lakini nafasi ya kiima ni moja, na akishakaa mtu mmoja hapo, wale kumi wengine pamoja na kocha wao Héctor Cúper hawana tena pa kukaa. Lugha haikukusudia ubaya. Sisi ndio tunaochagua nani wa kumkalisha. Wala hatuchagui kwa haki. Msimu wa 1999/2000 Greško akiwa katika kikosi cha Leverkusen, klabu hiyo ilihitaji sare tu siku ya mwisho huko Unterhaching. Ilifungwa 2-0, bao la kwanza likiwa la kujifunga, na aliyejifunga alikuwa Michael Ballack. Ubingwa ukaenda kwa Bayern Munich. Ballack alikuja kuwa nahodha wa Ujerumani, na leo ni wachache wanaolianza jina lake kwa kosa lile. Mwenye mabao mengi husamehewa bao moja. Kibarua hana akiba ya kulipia.

Jambo hili linatuhusu. McDonald Mariga wetu alipita njia ile ile kwa kinyume, kutoka Parma kwenda Inter mapema mwaka 2010. Nyuma yake wapo vijana wengi wa Kenya waliotawanyika katika klabu ndogo za ughaibuni, mafundi wa kibarua kama Greško, ambao huja kuichezea Harambee Stars na kuteleza mara moja mbele ya taifa zima. Nawaomba watangazaji na waandishi wetu wa michezo, kabla hawajatamka kwamba fulani "ametuchoma" au "ametuuza", watueleze kwanza mpira ulipotea wapi, nani aliacha nafasi wazi, na washambulizi walikuwa wakifanya nini dakika themanini na tisa nyingine. Hiyo ndiyo kazi wanayolipwa kuifanya.

Tarehe 5 Mei 2010, katika uwanja ule ule wa Olimpico, Inter waliilaza Roma 1-0 na kutwaa Kombe la Italia, moja ya mataji matatu makubwa ya msimu huo. Greško alikuwa ameondoka Milan miaka minane iliyopita. Mwishoni alirejea kwao akavaa jezi ya Podbrezová, mji mdogo wa kiwanda cha chuma katika bonde la mto Hron, si mbali sana na kijiji alikozaliwa.