Neno Kodi na Mizani ya Haki



Katika Kiswahili tuna neno moja lenye maana mbili zinazokutana kwenye mlango wa kila nyumba ya kupanga. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, na mwenye nyumba naye huilipa serikali kodi. Ile ya kwanza wengine huiita pango ili wasichanganyikiwe. Lakini mwanafunzi anayeuliza kwa nini neno ni moja anauliza swali zuri, kwa sababu fedha zenyewe ni zile zile: sehemu ya kile kinachopokelewa kwa mkono wa kulia hudaiwa na umma kwa mkono wa kushoto. Leo nataka tupime jambo moja. Je, ni haki mwenye nyumba, au mtu aliyejiajiri, kuitumia sheria ili alipe kodi ndogo kadiri awezavyo?

Kwanza tutenganishe maneno. Kukwepa kodi kwa udanganyifu ni kuficha pato au kusema uongo juu yake. Mwenye nyumba anayeandika mikataba miwili, mmoja wa kweli kwa mpangaji na mwingine wenye kiasi kidogo kwa mkaguzi, anatenda kosa, na hapo hatuna cha kubishania. Kupunguza kodi kihalali ni jambo lingine: ni kutangaza pato lako lote, kisha kutumia nafuu ambazo sheria yenyewe imeziweka. Mabishano yetu yako hapa.

Chukua mfano wa Kiriri, mtaa ulioko mlimani juu ya Bujumbura, ambako macho huliona Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo yake. Humo mna nyumba kubwa ambazo wenyewe huzipangisha. Humo humo hufika kila asubuhi karani, muuguzi na mwalimu, watu wa mshahara. Kwa mtu wa mshahara, hesabu hufanywa na mwajiri. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2013 iliweka viwango hivi kwa mwezi: faranga 150,000 za kwanza hazitozwi; kutoka hapo hadi 300,000 hutozwa 20%; na kinachozidi hutozwa 30%. Basi mwenye pato la faranga 400,000 linalotozwa kodi hukatwa 60,000 kabla hajaigusa bahasha yake. Hachagui siku ya kulipa, wala hapeleki risiti ya viatu alivyochakaza akienda kazini.

Mwenye nyumba na mwenye biashara yake mwenyewe hupokea kwanza, huhesabu baadaye, kisha hujitangazia pato mbele ya Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Wahenga wa siku hizi husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Katika kodi, mbuzi mmoja amefungwa kamba fupi na mtu mwingine, na mbuzi wa pili ameachiwa aishike kamba yake mwenyewe.

Je, hili peke yake ni dhuluma? Nasema hapana. Fundi wa cherehani wa Buyenzi akipokea faranga 100,000 na akawa ametumia 60,000 kwa kitambaa, uzi na umeme, pato lake ni 40,000. Kumtoza kwa 100,000 yote kungekuwa kumtoza kwa fedha za muuza vitambaa. Mwenye nyumba aliyetengeneza paa ana haki ile ile. Gharama ya kweli si ujanja.

Wakati mwingine sheria hata humpa mtu njia mbili na kumwambia achague. Nchini Kenya, tangu Januari 2016, wapo wapangishaji wa nyumba za makazi wanaoweza kulipa kiwango kimoja juu ya kodi yote ya pango bila kutoa gharama yoyote. Kiwango hicho kilikuwa 10%, na tangu Januari 2024 ni 7.5%. Anayepokea shilingi 1,200,000 kwa mwaka hulipa 90,000, na mambo yamekwisha. Lakini akiwa na mkopo mkubwa wa ujenzi, anaruhusiwa kuchagua njia ya kawaida ya kutoa gharama. Tuseme riba na matengenezo vimefika 1,000,000: faida yake ni 200,000, na hata kwa kiwango cha 30% atalipa 60,000 tu. Amepunguza kodi kwa shilingi 30,000, wala hakumdhulumu mtu. Bunge lilijenga milango miwili, naye akapita katika mmoja wapo.

Tatizo langu liko kwenye aina ya tatu, ambayo si uongo wa wazi wala si nafuu ya kweli. Ni baba anayeandikisha ghorofa ya juu kwa jina la mtoto mchanga na ya chini kwa jina la mama mkwe, ili kila jina lionekane lina pato dogo, huku funguo na fedha vikibaki mfukoni mwake. Ni mwajiri anayemwambia karani atie saini kama mshauri aliyejiajiri, ingawa karani huyo hukaa kwenye meza ile ile kila siku. Karatasi zimekamilika, ila haziyaelezi maisha ya watu waliozitia saini.

Mahakama zimelibishania jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1935, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, liliamua kesi ya Duke wa Westminster. Tajiri huyo alikuwa amewaandikia watumishi wake, mtunza bustani mmojawapo, hati za malipo badala ya ujira, kwa sababu malipo ya namna hiyo yalimpunguzia kodi. Alishinda: mahakama ilisema kila mtu anaruhusiwa kupanga mambo yake ili alipe kidogo. Lakini mwaka 1981, katika kesi ya Ramsay, mahakama hiyo hiyo ilianza kuitazama mipango ya namna hii kwa ujumla wake, badala ya kuridhika na karatasi moja moja. Nadhani safari hiyo ya miaka 46 ilielekea mahali pazuri.

Utaniuliza: kwa nini mtu alipe zaidi ya anachoweza kulazimishwa, ilhali fedha za umma huweza kupotea? Swali ni la haki, na raia anapaswa kudai hesabu. Lakini anayepunguza kwa hila hamwadhibu mfujaji. Pengo analoliacha hujazwa na wengine: mtu wa mshahara, na mnunuzi dukani anayelipa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida hapa Burundi ni 18%, kwa tajiri na maskini sawasawa. Au halijazwi kabisa. Mto Ntahangwa umekuwa ukila kingo zake na kutishia nyumba za watu jijini. Ukuta wa mawe wa kuuzuia haujengwi na familia moja, hata iwe ya Kiriri.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Sheria na iwape watu wa mshahara na waliojiajiri mizigo inayolingana, na iandikwe kwa urahisi, ili nafuu isiwe mali ya wale tu wanaoweza kumlipa mshauri wa kodi. Hadi hapo, aliyeshika kamba yake mwenyewe ajiulize: je, gharama hii niliitoa kweli? Je, nafuu hii iliwekwa kwa ajili ya watu wa hali yangu? Na je, ningeweza kuieleza hesabu yangu mbele ya karani aliyekatwa 60,000, bila kuinamisha macho?

Nawe, msomaji, umefikia umri wa kubishana kwa hoja. Je, mwenye nyumba anayejibu ndiyo kwa maswali hayo matatu anadaiwa kitu zaidi? Mimi nasema hapana. Andika aya moja ya kunipinga au kuniunga mkono, na ndani yake utumie neno kodi kwa maana zake zote mbili.