Kasiksi nzuri unaikuta tu njiani

Leo sitaongea mpunga wala mihogo. Nataka kuongea pombe. Najua kuna wasomaji ambao kanisa lao linawakataza kuigusa. Nao nawaomba wasome, maana habari yenyewe ni ya migomba na mtama.

Kule Ubelgiji kuna watawa wa Westvleteren. Wanapika bia kidogo, na kwa miaka mingi hawakuipeleka dukani: mwenye kuitaka aliagiza mapema, kisha akaenda mwenyewe kuichukua mlangoni pao. Watu walitoka nchi za mbali juu ya kreti moja. Na karibu na Brussels kuna bia ingine inaitwa lambic. Hawaitii chachu ya kununua, wanaiacha wazi usiku, na vijidudu vya hewa ya pale ndivyo vinaichachusha. Watu wanalipa pesa nyingi kwa kitu kama hicho. Sisi tuko nacho hapa Kivu, tunakiita kasiksi, na tunakionea haya.

Siku moja nilikuwa natelemka toka Lemera kwenda Luvungi. Mvua ikanikamata, nikajificha chini ya paa la mama mmoja, naye akanipa kikombe. Kasiksi naijua. Ile ya mjini mara nyingi imeongezwa maji hadi ladha imekufa, ama imelala siku nyingi imekuwa siki. Hii ilikuwa kitu kingine: nzito, kali kidogo, na harufu ya mtama uliokaangwa. Nikamuuliza kama Jumamosi naweza kupata bidoni moja. Akacheka. “Jumamosi itakuwa siki, mwanangu. Wewe umepata bahati ya leo.”

Hapo ndipo hesabu ilipo. Ndizi za pombe zinaivishwa ndani ya shimo kwa siku kadhaa, zikifunikwa majani. Zinakamuliwa pamoja na nyasi ili mutobe utoke safi. Unaongezwa maji kwa kiasi, kisha unga wa mtama uliokaangwa, na kesho yake ama kesho kutwa kinywaji kiko tayari. Baada ya siku chache kimeharibika. Kwa hiyo wale wanaotuambia tutie kasiksi ndani ya chupa tuuze mbali, mimi sikubaliani nao. Kuwa na ladha ileile Bukavu na Uvira ni kazi ya Primus. Kasiksi haipendi safari, mnywaji ndiye asafiri.

Lakini kikombe kile kinategemea vitu viwili, na vyote viwili viko hatarini. Yule mama aliniambia mtama mwekundu ananunua mbali, juu majirani wote wamepanda mahindi na mihogo. Hata mimi katika mashamba ninayotembelea bondeni nauona kidogo sana. Mbegu isiyopandwa inapotea nyumba kwa nyumba, bila mtu kutangaza.

Cha pili ni mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka hadi kwetu. Majani yanakauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, na ukikata mgomba unatoa usaha wa manjano. Migomba ya pombe aina ya kayinja inashikwa haraka, kwa sababu wadudu wanapenda sana maua yake. Dawa ya kupuliza hakuna. Vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu, mara tu chane la mwisho linapotokea. Mgomba mgonjwa ukate chini kabisa, usiache wiki ipite. Panga ipitishe motoni ama kwenye javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Na wewe unayezunguka kununua ndizi za kukamua, panga lako linatembea shamba kwa shamba. Hapo ndipo naona hatari kubwa, na ndipo watu hawapendi kuambiwa.

Kuna watakaosema nachochea ulevi. Kanyanga siitetei, na watoto wale kwanza, ndizi za kupika zisiguswe. Lakini mama anayepika vizuri ni mnunuzi wa ndizi zetu na mtama wetu, tena mnunuzi wa karibu. Koperative nyingi zinajua bei ya mpunga ya kila mnunuzi, ila hazijui majina ya wapika kasiksi wa kijiji chao.

Kabla ya msimu B, ningependa kila koperative itenge kipande kidogo cha mtama mwekundu kwa ajili ya mbegu, na iwaite wapika kasiksi kwenye mkutano. Wao ndio watasema ni mtama gani unakaangika vizuri. Mimi agronomu sijui kuwashinda.