Dawa Isiyoandikwa Hufa

Wako wadharauo mitishamba, na wako wasemao kuwa siri ya mganga haifai kuandikwa. Msomaji, wote wamepotoka. Lakini wa pili wamepotoka zaidi, maana wa kwanza huikanyaga hazina, na wa pili huizika.

Tazama Uchina. Katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika dawa ya homa za vipindi: twaa konzi ya mmea uitwao qinghao, loweka majini, kamua, nywa. Hakutaja kuchemsha. Mwaka 1971 Tu Youyou na wenzake, waliokuwa wakitafuta dawa ya malaria bila mafanikio, waliongozwa na maneno hayo. Tu Youyou alitambua kuwa moto huua nguvu ya mmea, akatumia etha, kiowevu kichemkacho kwa joto dogo. Dawa ikapatikana, leo huokoa watu hata Kenya.

Ge Hong angaliificha, ingalizikwa naye. Jina la mti halitoshi. Mwarobaini twaujua, lakini ni jani au gome? Kiasi gani? Nani asipewe? Hayo yaulizwe, yaandikwe, kisha yapimwe na wataalamu. Kalamu unayo, na wazee wangalipo. Wangoja matanga?