Safari ya Ufamasia Ianzie Skuli

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, vijana wa Unguja na Pemba huingia katika pirikapirika za kuomba nafasi za vyuo vikuu. Miongoni mwao wamo wanaotaka kusomea shahada ya ufamasia. Nia hiyo ni njema, nasi tunaipongeza. Lakini hapana budi tuseme wazi jambo ambalo halisemwi mapema kama inavyostahili: kwa baadhi ya vijana hao ombi limekwisha kukataliwa zamani, hata kabla hawajalijaza.

Sababu ni hii. Vyuo vya nchi yetu vinavyotoa shahada hiyo humtaka mwombaji awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia katika Kidato cha Sita, yote matatu kwa pamoja. Kijana aliyechukua Kemia, Biolojia na Jiografia, hata akipata alama za juu kabisa, amekosa Fizikia na mlango huo umemfungia. Naye hakufungiwa na chuo. Alifungiwa siku alipochagua masomo ya Kidato cha Tano bila ya mtu wa kumwambia uchaguzi huo unampeleka wapi. Wengine hufungiwa mapema zaidi, pale wanapoikimbia Fizikia katika madarasa ya chini kwa kuambiwa kuwa ni ngumu.

Tunalisema hili kwa sababu ufamasia si kazi ya kusimama nyuma ya dirisha na kuhesabu vidonge. Mfamasia ndiye anayejua dawa imeundwa kwa kitu gani, inafanya kazi vipi mwilini, na ipi isichanganywe na ipi. Visiwa vyetu vina joto na unyevu wa bahari, na dawa isiyohifadhiwa vyema huweza kupoteza nguvu ingali ndani ya kopo lake. Wazee wetu wenye maradhi ya sukari na shinikizo la damu humeza dawa za namna mbili tatu kwa siku moja. Aidha tusisahau funzo la malaria. Vimelea vilipokwisha kuizoea klorokwini, mgonjwa aliweza kumaliza dozi na homa ikarejea, hata ikalazimu Zanzibar kuanza kutumia dawa mseto mwaka 2003. Mambo kama hayo yanataka wataalamu, na wataalamu hawaokotwi ufukweni.

Kwa hiyo yapo ya kufanywa na kila upande.

Vijana na wazee wao wafahamu kwamba kutimiza kiwango cha chini si kupata nafasi. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, basi wanaochukuliwa ni wale waliozidi. Wafahamu pia kwamba maombi sasa hupelekwa moja kwa moja katika kila chuo kwa njia ya intaneti, na si busara kuegemea chuo kimoja. Mbali na Muhimbili, shahada hiyo hufundishwa Bugando mjini Mwanza na katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma. Anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa. Atakayelala asimlaumu mtu, kwani chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Liko pia suala la majina. Kijana aliyeandikwa Khamis katika cheti cha kuzaliwa na Hamisi katika cheti cha mtihani atasumbuka, hasa anapoomba mkopo. Marekebisho hayo yafanywe mapema, wala yasingojewe wiki ya mwisho. Na ieleweke kwamba mkopo huombwa peke yake. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2011, haimpi mtu nafasi ya chuo, na chuo hakimpi mtu mkopo.

Kwa upande wa viongozi, tunasema bila ya kuficha. Elimu bila ya malipo ilitangazwa visiwani humu Septemba 23, 1964 ili mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkulima wafike mbali sawa na mtoto wa mwenye nacho. Ahadi hiyo haitimii pale skuli inapokuwa na maabara yenye kufuli, au inapokuwa na mwalimu wa Kemia na kukosa wa Fizikia. Wizara inayohusika na elimu ihakikishe kwamba kila mwanafunzi, wa Micheweni kama wa Mjini, mwanamke kama mwanamume, anaelezwa na mtu anayejua masomo gani yanafungua kazi gani, na aelezwe kabla ya kuchagua. Hilo halitaki fedha nyingi, linataka wajibu.

Wizara ya Afya nayo isiwasahau watumishi wenye stashahada ya sayansi ya dawa. Kwao iko njia ya kuingia shahada kwa kutumia stashahada hiyo, alimradi wametimiza alama zinazotakiwa. Mtumishi aliyetimiza masharti apewe ruhusa kwa wakati, barua yake isizunguke mezani mpaka siku ya mwisho ya maombi ikapita.

Shahada hii ni ya miaka minne, na baada yake uko mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi. Ukiongeza miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, mtoto anayechagua masomo leo atakuwa mfamasia kamili baada ya miaka saba au zaidi. Wagonjwa wa wakati huo wanategemea uchaguzi wa leo. Tunawataka walimu wakuu wote wa Unguja na Pemba walifikishe jambo hili madarasani muhula huu huu.